Muziki wa saa tatu asubuhi Tanga haujapata mwenye shughuli

Kwa miezi kadhaa sasa, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linapokolea, vijana wachache wa Tanga wamekuwa wakipiga muziki kwenye bustani moja ya mjini upande wa bahari, mahali ambapo ukikaa unakiona kisiwa cha Toten na meli zinazongoja zamu ya bandari. Hakuna kiingilio wala jukwaa. Kuna spika mbili, kinanda kimoja, magitaa mawili, ngoma, tarumbeta siku mwenyewe akipata ruhusa kazini, na waya mrefu wa umeme uliovutwa kutoka dukani kwa jirani mwema. Wanaopiga ni wale ambao bado hawana jina: anayeimba kwa mara ya pili mbele za watu, anayejifunza udi kwa kutazama simu, kundi la vijana waliomaliza kidato cha nne juzi. Jambo lenyewe ni dogo, lakini mjadala ulioibuka kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani na kwenye makundi ya WhatsApp si mdogo. Wapo wanaosema vijana hawa wanajishusha thamani na kuwaharibia soko wenzao wanaoishi kwa muziki, maana nani atalipa usiku kwa kitu alichokisikia bure asubuhi? Wapo wanaowashangilia, na sababu yao kubwa ni kwamba kijana akishika gitaa hatashika kete za dawa za kulevya.

Naona pande zote mbili zimeshika mkia na kuacha kichwa. Wanabishania kiingilio, na kiingilio hapa si hoja. Muziki usiolipiwa mlangoni haukuletwa Tanga na vijana hawa. Umekuwepo tangu babu zetu, na waliouimba waliishi nao. Kipya katika Jumamosi hizi ni saa. Muziki umetolewa usiku ukapelekwa asubuhi, na kwa kuhama huko umefika kwa watu ambao usiku haukuwaruhusu, na umemfungulia mlango mpigaji ambaye usiku haukumtaka. Kisichoonekana katika mjadala wote ni upungufu mmoja tu, lakini ni upungufu utakaoiua shughuli hii kabla ya mwaka kuisha usipotazamwa: haina mwenyewe. Pwani hii kila shughuli ina mwenye shughuli, yule anayegharamia ili wengine waingie bila kulipa. Jumamosi asubuhi wageni wapo na wapigaji wapo. Mwenye shughuli hayupo.

Ili kuelewa kwa nini saa ina uzito kiasi hicho, turudi nyuma tutazame mwanamuziki wa Tanga alivyokuwa akilelewa. Mji huu ulikuwa na bendi. Palikuwa na Atomic Jazz, palikuwa na Jamhuri Jazz ambayo kabla ya hapo iliitwa Young Nyamwezi, jina linalokukumbusha jinsi mkonge ulivyowakusanya watu wa mbali katika mkoa huu. Kwa upande wa taarabu palikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyothubutu kuweka gitaa la umeme na besi pale ambapo wengine waliendelea kupanga fidla nyingi kwa mtindo wa Misri. Humo ndimo ilimotoka sauti ya Shakila Said, binti wa Pangani aliyezaliwa 1947, ambaye mpaka anafariki 2016 hapakuwa na nyumba ya mwambao isiyomjua. Bendi na klabu hizi zilikuwa zaidi ya mahali pa kucheza dansi. Zilikuwa chuo. Vyombo vilikuwa vya klabu au vya tajiri, kwa hiyo kijana asiye na kitu aliweza kushika gitaa ambalo asingelinunua maishani. Alianza kwa kubeba spika, akapewa manyanga, akakaa nyuma ya mpiga rizimu miezi na miezi akitazama vidole vyake, kisha usiku mmoja, kabla watu hawajajaa ukumbini, kiongozi akamwambia shika hapo. Alikosea mbele ya meza tatu tupu. Kufika ukumbi umejaa alikuwa amekwishajifunza.

Ngazi hiyo ilivunjika, na haikuvunjwa na mtu mmoja. Mkonge uliporomoka bei baada ya kamba za plastiki kuingia sokoni, na fedha iliyokuwa ikijaza kumbi za Tanga ikapungua nao. Baadhi ya wapigaji walikuwa wamekwishaondoka mapema. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili waliokuwa Jamhuri Jazz, walihamia Arusha 1970 na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako waliiunda Simba Wanyika na kuifanya rumba ya Kiswahili ipendwe Mombasa na Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini. Tunajisifu kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo, tukiwa na maana kwamba mgeni huja kwa siku moja akanogewa akakaa. Kwa wanamuziki wetu usemi huu umekuwa ukweli mtupu kama ulivyoandikwa: wanaondoka. Wanaondoka kwa sababu mji uliowazaa hauna mahali pa kuwaweka wakiwa bado wabichi, na mtu akishaivia kwingine harudi kuja kuwa wa kwao.

Kilichochukua nafasi ya bendi ni studio ya chumbani. Sisemi hivyo kwa kuidharau. Studio imewapa sauti maelfu ya vijana ambao bendi isingewapokea, na wapo waliotoka mkoa huu huu wakafika mbali kwa njia hiyo. Lakini studio imepindua mpangilio wa mafunzo. Zamani uliimba mbele ya watu miaka kadhaa, ndipo ukaitwa kurekodi. Leo unarekodi kwanza. Mstari mmoja unaimbwa mara thelathini mpaka utoke sawa, mdundo unatengenezwa na kompyuta, sauti inanyooshwa, wimbo unapakiwa. Ukibahatika ukaitwa jukwaani unaweka ule ule wimbo uliorekodiwa, unaimba juu yake, na pumzi ikikata sauti yako ya studio inaendelea bila wewe. Kijana anaweza kuwa na nyimbo kumi mtandaoni na asiwe amewahi hata siku moja kupiga wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, huku mtu aliye hatua tatu mbele yake akimtazama usoni.

Nilishuhudia tofauti hiyo Jumamosi moja kwa karibu. Kijana mmoja wa gitaa, mrefu, shati limechomekwa kama anakwenda kwenye usaili, alikuwa katikati ya wimbo wake wa pili uzi mwembamba ukakatika. Hakuwa na wa akiba. Alisimama, akautazama uzi unavyoning'inia, akatutazama sisi, na kwa muda uliohisi kama dakika nzima hakuna aliyejua kitafuata nini. Mama mmoja muuza vitumbua alisema kwa sauti, "Imba tu mwanangu, tunakusikia." Akaimba bila gitaa. Ubeti wa kwanza ulitetemeka. Wa pili akashusha sauti ikamkaa. Wa tatu mpiga ngoma akamwingia taratibu na watu wakaanza kupiga makofi. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye mwarobaini alimwita. Kijana akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia, kisha akamwambia, "Mjukuu wangu, ule ufunguo wa kwanza ulikuwa juu mno kwako. Huu wa sasa ndio wako." Somo hilo lisingepatikana studio, kwa sababu studio ingesimamisha mashine, ingeletwa nyuzi mpya, na kijana angeendelea kuimba kwenye ufunguo usio wake.

Sasa kwa nini asubuhi? Kwa sababu usiku wa muziki katika miji yetu una mwenyewe, naye anauza bia. Simlaumu, ana kodi, leseni, umeme, walinzi. Lakini mtu anayelipa bendi kwa mauzo ya kaunta atamwita mpigaji anayejaza meza za wanywaji, na mpigaji asiyejulikana hajazi meza. Kwa hiyo kijana mchanga anakataliwa kwa kukosa jina, na jina hawezi kulipata kwa sababu amekataliwa. Upande wa wasikilizaji ni hivyo hivyo. Usiku wa baa unamwacha nje mama mwenye watoto, mzee anayelala saa tatu, mtu wa dini asiyekaa palipo na pombe, mwanafunzi, na mfanyakazi anayeamka alfajiri. Katika mji kama Tanga hao ndio wengi. Tumewaondoa watu wengi hivyo kwenye muziki wa kupigwa papo hapo, kisha tunashangaa kwamba hawaujui na hawaununui. Nje ya baa kwao pamebaki harusi, maulidi, na disko toto la sikukuu.

Na lipo jambo ambalo kwangu linazidi yote hayo. Miongoni mwa wanaopiga Jumamosi wapo wasichana, na si waimbaji tu. Yupo anayepiga kinanda, mkono wake wa kushoto una nguvu kuliko wa wavulana wengi niliowasikia, na mama yake huja naye, hukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni akiwa na kapu lake la sokoni. Mwambie mama huyo kwamba mwanawe anahitajika saa nne za usiku kwenye ukumbi wa nje ya mji, uone kama atakubali. Hatakubali, na ana sababu. Nimesikia miaka mingi watu wakiuliza wako wapi wapigaji wa kike, mbona wanawake wetu wanaimba tu na vyombo wanashika wanaume. Wameulizia vipaji bila kuuliza vipaji hivyo vinatakiwa vitoke nyumbani saa ngapi.

Kuhamisha muziki mchana kwa sababu usiku haufai si wazo la ajabu, na wengine wamelifanya kwa sababu nzito kuliko zetu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza 1939 kumbi za muziki za London zilifungwa na mji ukazimwa taa usiku kwa hofu ya mabomu. Mpiga piano Myra Hess akaanzisha maonyesho ya saa za chakula cha mchana kwenye jumba la National Gallery, lililobaki kuta tupu baada ya picha zake kupelekwa mafichoni. Mlangoni ulitoa shilingi moja. Walioingia walikuwa makarani, wauguzi, askari walio likizo, watu wengi ambao kabla ya hapo wasingejiona wana mahali katika ukumbi wa muziki ule. Maonyesho yalidumu hadi Aprili 1946 na kufikia 1,698. Walidhani wanaziba pengo la usiku, kumbe walikuwa wamegundua wasikilizaji ambao usiku haukuwahi kuwapata.

Nirudi kwenye hoja ya bure, kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, na naiona ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanaoitoa wanatumia msemo wa rahisi ghali na wanaamini wameshinda. Lakini nani kati yao amewahi kukata tiketi ya harusi? Taarabu, ambayo ndiyo fahari ya mwambao wote, imekua kwenye harusi. Mwenye shughuli aliwalipa wapigaji, na wageni wakaingia bila kutoa senti. Kisha ukafika ule ubeti unaomgusa mtu. Mwanamke akainuka kitini, akaja mbele kwa mwendo wake wa madaha, noti imeshikwa juu kila mtu aione, akamtunza mwimbaji, akarudi kukaa ujumbe ukiwa umefika ulikokusudiwa. Mlango ulikuwa bure, na fedha ilitoka ndani, kwa hiari, kwa kadiri wimbo ulivyomwingia mtu. Huo ni utaratibu kamili wa kumlipa msanii, na ni wa kwetu. Anayedai kwamba muziki usio na tiketi hauna thamani anatuambia kwamba Shakila alipoimba harusini hakuwa na thamani. Hakuna atakayekubali hilo. Na ile hofu kwamba asubuhi itaua usiku haina mashiko, kwa sababu hadhira si ile ile. Mama muuza vitumbua hakuwa mteja wa ukumbi wa usiku ambaye sasa tumempokonya mwenye ukumbi. Na katika vijana wenye fedha ya kwenda usiku, atakayempenda mpigaji aliyemsikia Jumamosi ndiye huyo atakayemfuata ukumbini atakapoitwa.

Upande wa pili, wa wanaoshangilia kwa sababu ya dawa za kulevya, nautendea kwa heshima zaidi maana unatoka kwenye uchungu wa kweli. Tanga imezika vijana. Hata hivyo naomba tusiukabidhi muziki kazi hiyo. Ukimwambia kila mtu kwamba Jumamosi ni ya kuwazuia vijana wasiharibike, umemgeuza mpigaji kuwa mgonjwa anayehudumiwa, na watu watakuja kumtazama kwa huruma badala ya kumsikiliza. Yule binti wa kinanda hajawahi kukaribia kete. Anapiga kwa sababu anajua kupiga na anataka kujua zaidi. Tena msaada wa huruma una tabia ya kuhama: mwaka huu huruma iko kwenye muziki, mwakani itakuwa kwenye mpira.

Hoja ninayoiogopa ni nyingine, na wanaoitoa ni wapigaji wenyewe. Wanasema: tunatumika. Kijana anayetoka Pongwe hulipa nauli kuja na kurudi. Nyuzi zinakatika, kama tulivyoona. Kipaza sauti cha kuazima kikianguka anakilipa aliyeazima. Baada ya Jumamosi kumi amepata makofi, amepata video fupi kwenye simu za watu, na amekopa mara mbili kwa dada yake. Naijua hali hii kwa karibu. Mwaka juzi niliwasindikiza vijana wanne kwenda kupiga kwenye hafla ya mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyewaambia kwamba hawezi kuwalipa lakini watajitangaza. Walipiga saa tatu mfululizo, wakapewa soda na sahani moja ya pilau kwa watu wawili, na hakuna aliyeuliza majina yao. Nilinyamaza siku ile na mpaka leo najuta. Neno kujitangaza limekuwa sarafu ya kuwalipia vijana kila mahali, na wao hawawezi kulipeleka dukani. Kwa hiyo ninaposema mlango uwe wazi, sisemi mpigaji asilipwe. Ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kumewafanya watu wazuri wagombane bila sababu. Msikilizaji aingie bure, mpigaji alipwe, hata kama ni kidogo, na kiwe kiwango kimoja kwa wote, kinachojulikana kabla hajapanda daladala.

Lipo pia pingamizi la chuo, yaani madrasa. Jumamosi asubuhi watoto wengi wa Tanga wako madrasa, na masheikh wawili waliozungumza nami hawakuwa na ugomvi na muziki wenyewe. Waliuliza tu kwa nini uwekwe saa hiyo. Swali lao ni la haki na jibu lake ni rahisi: ianze saa nne badala ya saa tatu, ipumzike mwezi mzima wa Ramadhani, na spika zielekezwe baharini. Kuhusu kelele, sheria zipo, na spika mbili za asubuhi hazifanani na za usiku zinazotikisa vioo. Wanaosema Jumamosi ni siku ya kazi kwa wafanyabiashara wadogo wamesema kweli, ila wengi wa wafanyabiashara hao wako pale pale bustanini. Muuza mihogo, muuza kahawa na kashata, wa vitumbua, wote sasa wanawahi mapema siku hiyo.

Basi mwenye shughuli awe nani? Chicago wana maonyesho ya bure kila Jumatano mchana tangu 1977, yenye jina la yule yule Myra Hess, yaliyowekwa mahususi kwa wapigaji wanaoanza kujulikana. Msikilizaji halipi, wanaolipa ni wafadhili na wachangiaji, na redio ya mji huyarusha hewani. Siwezi kusema tuwaige, kwa sababu hatuna matajiri wa aina ile waliozoea kutoa fedha kwa muziki. Lakini fundisho moja linahamishika: redio. Redio za hapa Tanga zina saa za Jumamosi za kujaza, na zinazijaza kwa nyimbo zilizorekodiwa Dar es Salaam. Saa moja ya muziki wa bustanini, hewani, ingemfanya kijana wa gitaa asikike Muheza, Korogwe na Pangani siku ile ile, na ingempa mwenye duka la vipuri au la vitambaa sababu ya kudhamini. Tangazo lake lingekuwa na mahali pa kukaa.

Halmashauri nayo ina nafasi, ingawa si ile inayodhaniwa. Watu huniambia vijana hawa waende wakaombe mkopo wa asilimia kumi, ile sehemu ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, ni kweli, lakini ni mkopo, na Jumamosi asubuhi hakuna kinachouzwa cha kuurejesha. Mahali unapofaa ni kwenye vyombo. Kikundi kikikopa spika nzuri na kinanda, kikavikodisha kwenye harusi na mikutano siku nyingine sita, marejesho yanapatikana, na Jumamosi vyombo vinakuwa vyao wenyewe, bila kuazima na bila hofu ya kuvunja cha mtu. Hapo tutakuwa tumerudisha kile klabu za zamani zilichokuwa nacho, vyombo vya pamoja ambavyo asiye na kitu anaweza kuvishika. Ujira wa wapigaji ni jambo jingine, na hapo naiona ile desturi ya kutunza ikifanya kazi mchana kweupe. Kawa moja mbele ya wapigaji, ubao wa lipa namba pembeni yake, na mama mmoja mwenye sauti wa kuwakumbusha watu kwamba hapa hatulipi kuingia lakini tunatunza. Haitatosha yote. Kwa wiki za mwanzo itatosha nauli, na nauli ndiyo inayowakatisha tamaa wengi.

Ninayemwogopa kuwa mwenye shughuli ni mwanasiasa. Atakuja, tena kwa nia njema pengine, na fulana, na hotuba ya nusu saa kabla ya wimbo wa kwanza. Mwenye harusi ana haki ya kuimbiwa jina lake kwa sababu ni harusi yake. Bustani ni ya mji mzima, na siku wasikilizaji watakapohisi wameitwa kwenye mkutano, wale niliowataja, mama na kapu lake, mzee na baiskeli yake, hawatarudi.

Wapo wanaouliza kwa nini tusisubiri tuwe na tamasha kubwa kama wenzetu wa Bagamoyo. Bagamoyo wana kitu ambacho Tanga hatuna: chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha la kila mwaka lililoanza 1982. Nimekwenda, nimekaa mle, na ninatamani mkoa wangu uwe na mfano wake. Lakini tamasha la Bagamoyo lina chuo nyuma yake. Anayepanda jukwaani kule amepitia mazoezi ya miezi mingi, na walimu wamemsahihisha kabla mgeni hajamwona. Tukianza na tamasha bila chuo, tutalazimika kuwaalika walioiva kwingine, tuwalipe, tuwapigie makofi, wapande basi jioni. Jumamosi zetu ndizo chuo tulichonacho, chuo kisicho na jengo wala cheti, ambacho mwalimu wake ni mzee aliyesimamisha baiskeli na mama aliyesema imba tu mwanangu.

Na jengo ndilo linalotakiwa sasa hivi. Masika yako njiani, na bustani haina paa. Vinanda na spika za kuazima haziwezi kukaa kwenye mvua ya Tanga, na wapigaji wameniambia kwamba mvua ikishika watasimama mpaka Juni. Miezi mitatu ya kusimama kwa shughuli changa kama hii ni mirefu; yule binti wa kinanda ataanza kidato cha tano mkoa mwingine, wa gitaa atapata kibarua cha Jumamosi. Mjini hapa kuna kumbi za shule na za taasisi ambazo Jumamosi asubuhi zinafungwa kwa kufuli, viti vikiwa vimepangwa juu ya meza. Afisa utamaduni anazijua zote na wenye funguo anawajua. Ukumbi mmoja kati ya hizo, kuanzia saa nne mpaka saa sita, kwa Jumamosi kumi na mbili, na mtu wa kufagia akilipwa: hicho ndicho vijana wanachoomba, na barua yao ya maombi imekwishaandikwa.